Kuangushiwa, Kubambikiwa, Kuuziwa: Asili ya Maneno Yetu ya Lawama za Bure

Msikilize mtu yeyote anayelalamika kwamba amelaumiwa kwa kosa lisilo lake, awe kondakta wa daladala, karani wa benki au mtuhumiwa aliyesimama kizimbani, na utaona kwamba kitenzi anachokitumia karibu kila mara ni cha kutendewa. Nimesingiziwa. Nimezushiwa. Nimepakaziwa. Nimebambikiwa. Nimeangushiwa jumba bovu. Mwenye malalamiko ndiye anayetangulia katika sentensi, kitendo kinafuata, na aliyekitenda hatajwi kabisa. Kiswahili kinaruhusu jambo hilo bila tabu yoyote, na mimi naamini kwamba umbo hilo la kisarufi linatueleza mengi kuhusu lawama za bure kuliko maana ya neno moja moja. Hata hivyo maana zenyewe zina utamu wake, na baadhi yake zina historia inayostahili kusimuliwa.

Nianze na kubambikiwa, kwa sababu ndilo neno lililopanda cheo kuliko mengine yote. Kubambikia si neno la polisi peke yao. Mfanyabiashara humbambikia mteja bidhaa mbovu, kwa mfano anapopanga viazi vizuri mdomoni mwa gunia na kuficha vilivyooza katikati. Mwanamume anayelea mtoto asiye wake bila kujua husemwa kwamba amebambikiwa mtoto, na mazungumzo ya vipimo vya vinasaba vijiweni hayafiki mwisho kabla neno hilo halijatamkwa. Katika matumizi yote hayo kuna kitu chenye kasoro, kuna mtu anayeijua kasoro hiyo na anayetaka kukiondosha mikononi mwake, na kuna mwingine anayekabidhiwa kana kwamba ni haki yake. Askari anayembambikia raia kesi anafanya biashara hiyohiyo: anacho kitu kinachohitaji mwenyewe, na anamtafuta mtu wa kukipokea.

Ndiyo maana sishangai kwamba mtaani kuna usemi wa kuuziwa kesi, ambao hauhitaji polisi wala mahakama. Rafiki yako amevunja simu ya mtu, anakuachia uishike, mwenye simu anatokea: umeuziwa kesi. Hakuna fedha iliyotolewa, lakini lugha imeamua kwamba biashara imefanyika na wewe ndiye mnunuzi. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni usemi wa ukoo huohuo, ingawa huko mwathirika alau alikubali kutoa fedha zake kwa hiari. Katika kuuziwa kesi mnunuzi hakuwa na habari kwamba yuko sokoni. Vijana wa siku hizi wamelifupisha jambo hilo hadi kuwa neno moja, msala, na wanasema usinipe msala, au fulani kaniangushia msala. Wanaolijua neno hilo kwa maana ya mkeka wa kusalia, au kwa ile maana nyingine ya chooni, hukunja uso wanapolisikia. Mimi nimelizoea, na nadhani lina manufaa kwa sababu linabeba kosa, kesi na aibu kwa pamoja.

Neno kubambikiwa lilipanda cheo lilipotoka vijiweni na kuingia katika hotuba za viongozi. Mwaka 2019 mfanyabiashara mmoja wa Tabora, aliyekuwa mahabusu kwa kesi ya mauaji, aliliandikia gazeti akieleza kwamba amebambikiwa. Malalamiko yake yalimfikia Rais John Magufuli, uchunguzi ukaagizwa, na kesi ikafutwa. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba neno hilo ni la wahuni. Rais Samia Suluhu Hassan naye alizikemea hadharani kesi za kubambikia, na mwanzoni mwa mwaka 2023 akazindua tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Katikati ya matukio hayo, mwaka 2021, sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara. Naliona jambo hilo la tatu kuwa na uzito wake katika habari hii. Kwa miaka mingi, katika mahakama zilizo juu ya zile za mwanzo, mshtakiwa angeweza kulia kwa Kiswahili kwamba amebambikiwa, na kumbukumbu ya shauri ikaandikwa kwa Kiingereza. Ladha ya soko iliyomo katika neno lile, yaani ule uchungu wa kuuziwa kitu kibovu, ilibaki hewani chumbani bila kufika kwenye karatasi.

Kuangushiwa jumba bovu ni usemi wa namna nyingine kabisa, na kwangu mimi ndio mzuri kuliko yote. Jumba ni nyumba iliyokuzwa. Lina ukubwa, na mara nyingi lina jina na mwenye hadhi. Bovu ni lile lililooza kutoka ndani. Aliyekulia katika miji ya mawe ya pwani haombi maelezo zaidi, kwa kuwa amewahi kupita kando ya ukuta wa matumbawe na chokaa uliofura kwa mvua, huku boriti za mikoko zikiwa zimechungulia nje, na mama yake akamvuta mkono wapite upande wa pili wa kichochoro. Mwaka 2020, siku ya tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Usemi ni wa zamani kuliko ajali hiyo, lakini siku ile uliacha kuwa usemi. Waliokuwa chini ya jengo hawakuwa wamelijenga wala hawakuwa wameliacha lioze, walikuwa kazini.

Hiyo ndiyo hali ambayo usemi huu unaieleza kwa usahihi ambao kusingiziwa hakuna. Anayesingiziwa ametungiwa jambo ambalo huenda halikutokea kabisa. Anayeangushiwa jumba bovu anakutana na kosa la kweli, lenye umri mrefu, lililopikwa na watu wengi kabla yake, na anajikuta chini yake kwa sababu tu ndiye aliyekuwa zamu linapoanguka. Mweka hazina mpya wa kikoba anayekabidhiwa daftari mwezi Novemba, wanachama wakitaka kugawana mwezi Desemba, ndiye mfano bora ninaoujua. Fedha zilianza kupungua miaka miwili nyuma, kila mtu alihisi, na hakuna aliyetaka kuhesabu. Anayehesabu ndiye anayeulizwa.

Mwaka huu nilipata bahati ya kusikia maneno mawili ya ukoo huu yakitumiwa ndani ya dakika chache. Nilikuwa kwenye kituo kimoja cha mafuta alfajiri, wakati zamu ya usiku ikikabidhi kwa zamu ya mchana, gari langu likiwa bado halijahudumiwa kwa sababu pampu zilikuwa zimefungwa ili mita zisomwe. Msimamizi, kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio, alikuwa ameandika namba ya mwanzo na namba ya mwisho, akatoa moja kwenye nyingine, akazidisha kwa bei ya lita, kisha akahesabu noti alizoletewa na mhudumu, msichana aliyevaa koti kubwa kuliko yeye.

“Una shoti ya elfu sitini na mbili,” alisema.

“Kaka, saa nane usiku nilipokwenda kula si ulimweka mwenzangu hapa?”

“Pampu imeandikwa jina lako, dada. Mita haidanganyi.”

Mwenzake alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, akifunga kamba za viatu vyake kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji. Alipoulizwa aliruka kimanga: yeye alishika bomba kwa dakika chache tu, na kila alichopokea alikiweka kwenye mkoba uleule. Msichana alimtazama, kisha akamgeukia msimamizi. “Haya, niandikieni. Lakini mjue mmeniuzia kesi. Na hiyo mita ina matatizo tangu mwezi uliopita, mnajua wenyewe, jumba bovu lote hilo mnaniangushia mimi.”

Nilimsikia akitofautisha mambo hayo mawili kwa umakini ambao kamusi nyingi hazina. Kesi aliuziwa na mwenzake, usiku ule, kwa kitendo kimoja. Jumba bovu liliangushwa na kituo chenyewe, kwa kuwa mita mbovu ni tatizo la mwajiri lililoachwa likomae. Shoti hukatwa kwenye mshahara, na mshahara haukuulizwa ni lipi kati ya hayo mawili.

Neno lenye safari ndefu kuliko yote haya ni kafara. Tunasema kocha ametolewa kafara timu inapofungwa michezo mitatu mfululizo, na tunasema ofisa mdogo ametolewa kafara pale wakubwa wanapokuwa wamekosea. Mbuzi wa kafara anakaribia kuwa msemo wa kila gazeti. Kwa anayeijua sheria ya Kiislamu, matumizi hayo yana kichekesho ndani yake, kwa sababu kafara ya kifikihi hulipwa na mkosaji mwenyewe kutoka mfukoni mwake. Aliyevunja kiapo hulisha maskini 10, au huwavisha, au humwacha huru mtumwa. Asiyeweza hayo hufunga siku 3. Hakuna mahali ambapo jirani yake anaambiwa afunge badala yake. Kafara ya desturi za pwani ndiyo iliyoleta mnyama. Katika miji kama Lamu na Mombasa ilikuwapo desturi ya kumzungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja, ili mabalaa yasiingie, na huyo ng'ombe hakuwa na kosa lolote. Kazi yake ilikuwa kupita mbele ya milango ya wenye makosa. Juu ya hapo Wakristo wakaongeza mbuzi wa sura ya 16 ya Mambo ya Walawi, ambaye Haruni anaweka mikono yake miwili juu ya kichwa chake, anaungama dhambi zote za wana wa Israeli, kisha mnyama anapelekwa nyikani akiwa hai. Msemo wetu umechanganya yote hayo katika chungu kimoja. Umechukua jina kutoka kwenye fidia ya mkosaji, mnyama kutoka kwenye zinguo la mji, na mzigo wa dhambi za wengine kutoka kwa Walawi, lakini mbuzi wetu hapelekwi nyikani. Anachinjwa, na mara nyingi anachinjwa mbele ya waandishi wa habari.

Katika soka msamiati huu una shamba lake lenyewe. Kipa akifungwa bao jepesi katika mchezo mkubwa, mashabiki hawasemi alikosea. Wanasema ameuza mechi. Soko tena. Mara hii kosa la mchezaji linageuzwa kuwa mali aliyoiuza kwa siri, na ushahidi wote ni jinsi mikono yake ilivyochelewa. Nimekwisha kusikia watu wazima wakieleza bei aliyouzia.

Methali zetu zimeshughulika zaidi na anayelaumu kuliko anayelaumiwa, na hilo ni kinyume cha misimu. Usilaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake. Kaniki ni nguo nyeusi kwa kutiwa rangi, na hata ikifuliwa mara saba haitakuwa nyeupe. Methali inamkinga fundi mnyonge dhidi ya mteja anayedai kisichowezekana. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hii nayo ilitungwa na mtu anayejua kilimo, kwa kuwa mbaazi una mizizi mirefu na unavumilia ukame kuliko mimea mingi iliyo jirani yake, hivyo ukiwa ndio unaolalamikia jua, udhuru wake ni dhaifu sana. Lakini nitakuwa mwonevu nisipoongeza kwamba aina nyingi za mbaazi huchelewa kutoa maua siku zinapokuwa ndefu, kwa hiyo jua lina mkono wake kidogo, na mbaazi umelaumiwa na wahenga kupita kiasi.

Kwa upande mwingine ipo methali ambayo imefanya madhara makubwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Inatamkwa kama hekima, na inatumika kama hukumu. Mtu akishazushiwa jambo, au akizuliwa, kama wanavyosema Waunguja, methali hiyo inamwondolea nafasi ya kujitetea, kwa sababu hata kutokuwapo kwa jambo kunahesabiwa kuwa dalili kwamba liko njiani.

Madhara hayo yanaonekana zaidi katika kitendo cha kumwitia mtu mwizi. Mdai anamfuata mdaiwa sokoni kudai fedha zake, na mdaiwa anapiga kelele: mwizi, mwizi! Dakika mbili baadaye watu wasiomjua yeyote kati ya hao wawili wanamshambulia mdai. Kesho yake habari itaandikwa kwamba mtu huyo aliuawa na wananchi wenye hasira kali, fungu la maneno ambalo tumelisoma mara nyingi hadi limekuwa kama jina la kundi lililosajiliwa. Hapa mtendaji ametajwa, ni kweli, lakini ametajwa kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuitwa shahidi wala mshtakiwa. Na yule aliyepiga kelele ya kwanza hamo kabisa katika sentensi.

Uzito wa jambo unapozidi, misimu inakoma. Katika Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na dalili iliyotajwa dhidi yao mara nyingi ni macho mekundu. Mwanamke aliyepika maisha yake yote kwenye moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe atakuwa na macho ya namna gani? Kilifi, upande wa Kenya, dalili imekuwa mvi, na nyuma ya mashtaka mengi kuna shamba ambalo warithi wamechoka kulisubiri. Huko Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa la jinai, lakini inahitaji mtuhumiwa aliye hai wa kwenda kushtaki. Katika mazungumzo kuhusu wazee hao sijasikia mtu akisema fulani kauziwa uchawi, wala kapewa msala. Wanabaki na kitenzi kikavu cha vitabuni, kusingiziwa. Naona sababu yake ni kwamba misimu ya lawama hutungwa na walionusurika, wakiwa wamekaa mahali salama wakisimulia na kucheka, na wazee wale hawapati kikao hicho.

Nairobi wamekwenda njia yao. Kijana wa Sheng atakwambia nilisetiwa, kitenzi kilichookotwa kutoka Kiingereza na kuvishwa viambishi vya Kiswahili kuanzia mbele hadi nyuma, na askari wanapotuhumiwa kumtilia mtu kitu mfukoni, watu husema wazi kwamba amewekewa bangi. Lililonivutia katika kusetiwa ni kwamba mzizi ni wa kigeni lakini ile -wa ya mwisho haikuachwa. Neno lingeweza kuingia katika umbo lolote, na likaingia katika lilelile la kusingiziwa na kubambikiwa.

Ubaya wa umbo hilo ni kwamba halimbagui anayelitumia. Kwa kuwa halidai jina la mtendaji, aliyeiba kweli anaweza kulivaa kama aliyeonewa kweli, na katika miaka ya karibuni nimewasikia watu wenye nyumba ambazo mishahara yao haiwezi kuzieleza wakisema kwa utulivu kabisa kwamba wamebambikiwa na wabaya wao. Wabaya hao hawana majina. Wasikilizaji wamezoea, kwa sababu hata walioonewa hawatoi majina, kwa hofu, na sentensi ya mwongo inafanana na ya mkweli herufi kwa herufi.

Jaribu kuzigeuza sentensi hizo zote uone zinavyokataa. Nimembambikia kesi. Nimemuuzia kesi. Nimemwangushia jumba bovu. Sarufi haina pingamizi, lakini katika maisha yangu ya kusikiliza watu, nafsi ya kwanza kwa vitenzi hivi nimeisikia kwa utani tu. Nafsi ya pili nayo ni ya woga. Yule msichana wa kituo cha mafuta aliposema mmeniuzia, alitumia wingi, ingawa aliyemkusudia alikuwa mmoja na alikuwa anafunga kamba za viatu. Mahali pekee ambapo mtendaji hujitokeza waziwazi, akiwa peke yake na akiwa na cheo chake, ni katika maonyo ya wakubwa kwa walio chini yao: askari atakayebainika kubambikia raia kesi atachukuliwa hatua. Humo yupo, lakini yupo katika wakati ujao.